Raili Haverinen na Mabomba ya Mäntypirtti

Mchungaji wetu, ndugu wa pande zote mbili, majirani wa Särkiniemi, wenzake wa idara ya maji, na ninyi wapangaji wake wa zamani mliojaza viti vya nyuma kana kwamba bado mnadaiwa kodi, kwa niaba ya familia naomba mniazime masikio kwa muda mfupi, kahawa ipo, mkate wa samaki upo, lakini marehemu aliacha agizo kwamba historia yake isomwe kabla watu hawajashiba, maana Msavo, yaani mwenyeji wa huku Kuopio, akishiba hasikilizi tena. Agizo lake la pili lilikuwa kwamba msomaji awe mkwewe Esa, mzaliwa wa Lapua, na asiwe Msavo yeyote, ili kila jambo litajwe kwa jina lake. Huyo Esa ndiye aliyesimama mbele yenu, na atatii, kama alivyozoea kumtii marehemu.

Marehemu Raili Tuulikki Haverinen, ambaye ukoo wake wa kuzaliwa ni Kumpulainen, alizaliwa tarehe 14 Machi 1946 huko Maaninka, akiwa mtoto wa nne kati ya sita wa mzee Kalle, mkata magogo, na mama Sanni, na familia hiyo iliishi katika chumba cha nyuma cha shamba la watu, ambamo mama Sanni alilazimika kuomba ruhusa hata ya kuwasha tanuri, na marehemu alipenda kusema kwamba yeye hakuzaliwa maskini, alizaliwa mpangaji, na kwamba hayo ni mambo mawili, kwa kuwa maskini anaweza kupiga chafya bila kumwomba mtu radhi. Hapo ndipo ilipoota hamu yake ya kuwa na mlango wake, na baadaye ya kuwa na milango miwili mitatu ya kuwapangisha wengine kwa adabu zaidi kuliko alivyopangishwa yeye.

Alianza shule ya kijiji tarehe 1 Septemba 1953, akamaliza tarehe 31 Mei 1960, akiwa na alama nzuri za hesabu na alama mbaya za utulivu, na kwenye cheti chake, ambacho tumekiweka pale mezani karibu na picha, mwalimu ameandika kwamba mtoto huyu anauliza maswali mengi kuliko inavyohitajika. Mwaka 1961 alikuja hapa Kuopio kufanya kazi kwa dobi mmoja wa mjini, na tarehe 1 Septemba 1968 akaajiriwa na idara ya maji kuwa msoma mita, kazi aliyoifanya hadi alipostaafu tarehe 31 Machi 2009, yaani miaka arobaini ya kushuka ngazi za vyumba vya chini ya ardhi na tochi mkononi, hivyo kwamba wakati wengi wetu tunaujua mji huu kwa madirisha na paa zake, yeye aliujua kwa chini, alijua ni jengo gani linatoa jasho, ni lipi linakohoa, na ni lipi limepakwa rangi usoni huku tumbo limeoza.

Tarehe 20 Juni 1970, mkesha wa sikukuu ya kiangazi ukiwa umepita jana yake na nusu ya wageni wakiwa bado wana usingizi, alifunga ndoa na Eero Haverinen, fundi wa mabasi, mtu mpole aliyeogopa deni kama paka anavyoogopa maji, na Mungu akawajalia watoto wawili, Marjut, aliyezaliwa tarehe 9 Februari 1972, na Jouni, aliyezaliwa tarehe 30 Agosti 1975, ambaye amesafiri kutoka Oulu kuwa nasi. Marehemu na Eero walilipia nyumba yao ya Särkiniemi kwa miaka kumi na mitatu, na siku walipomaliza Eero alinunua keki, akadhani sasa watapumzika, kumbe mkewe alikuwa ameshaona nyumba ya chumba kimoja karibu na hospitali, bei nafuu, chini yake pakavu kabisa. Eero alikataa wiki tatu, akasema kwamba mwenye nyumba moja hulala na mwenye mbili hukesha, naye marehemu akamjibu kwamba atakesha yeye, na tarehe 12 Mei 1984 mkataba ukatiwa saini, Eero akisaini wa mwisho.

Wengi wenu mlikwenda kwake kuomba ushauri wa kununua nyumba ya kupangisha, na mnakumbuka kwamba hakuanza na kodi wala riba, alianza kwa kuuliza kama umeshuka chini, na kama hujashuka alikupa kahawa akakurudisha ulikotoka. Alihesabu kwamba mwaka wa mwenye nyumba una miezi kumi na mmoja, kwa kuwa mwezi mmoja ni wa kuta, mpangaji ametoka, mwingine hajaingia, jiko limeharibika, na anayepiga hesabu ya miezi kumi na miwili anajidanganya mwenyewe. Kila nyumba aliiwekea akiba yake, haikuguswa hata kwa harusi ya Marjut, jambo ambalo bwana harusi analikumbuka vizuri. Kabla ya kumkabidhi mpangaji ufunguo alilala humo wiki nzima juu ya godoro la sakafuni, akasikiliza mabomba, akajua jirani wa juu anatembeaje, ndipo akaandika kodi, na kodi hiyo hakuipandisha kamwe katikati ya majira ya baridi. Mwaka 1993, uchumi ulipoanguka na wafanyakazi wa benki wakawa wanawasihi watu wanunue, alichukua nyumba ya pili kwa bei ya gari lililotumika, na hata Eero siku hiyo alikubali kwamba mke wake ana pua ya kunusa bei. Eero alifariki kwa ugonjwa wa moyo tarehe 3 Oktoba 1998, na marehemu hakuolewa tena, alisema mtu mmoja wa kubishana naye kwa mkate wa asubuhi alitosha maisha yote, na alimlilia sana.

Sasa tumefika penye jambo ambalo familia ilitaka kuliruka, na marehemu akakataza lisirukwe. Mnamo Januari 2004 aliteleza kwenye barafu ya ua wa soko, akavunjika kifundo cha mguu, akafungwa plasta hadi gotini, na katika wiki hizo hizo ikatangazwa nyumba ya chumba kimoja katika jengo la Mäntypirtti, ghorofa tatu, lililojengwa mwaka 1967, na muuzaji alikuwa bibi Aune, dada yake mzee Taavi Tirkkonen, ambaye alikuwa mwenyekiti wa bodi ya wenye nyumba wa jengo hilo. Karatasi ya msimamizi wa jengo ilisema hakuna matengenezo yaliyoamuliwa, na ilikuwa kweli, hayakuwa yameamuliwa, lakini karatasi haishuki chini, na marehemu kwa plasta ile hakuweza kushuka, kwa hiyo akampigia mzee Tirkkonen simu, akamuuliza kama mabomba yanakaribia kubadilishwa.

Mzee Tirkkonen akajibu, "Yaweza kuwa, na yaweza yasiwe."

Wageni wa Lapua waliopo hapa watasema hilo si jibu, lakini kwa Wasavo ni jibu kamili, wote tunajua, mtu akisema "yaweza kuwa" huku anakutazama usoni, maana yake hapana, lala usingizi, na akisema hivyo hivyo huku anatazama dirishani, maana yake ni ndiyo, tena jana, ila sitaki kuwa mimi niliyekuambia. Msavo akifungua kinywa, mzigo wa kuelewa anao msikilizaji. Kosa la marehemu, kosa ambalo angeweza kulifanya mtu wa hapa tu, ni kwamba aliliuliza swali hilo kwa simu, ambapo macho hayaonekani, na akasikia alichotaka kusikia, na tarehe 27 Februari 2004 akanunua, akiiweka rehani nyumba yake ya Särkiniemi, ile alimojenga maisha na Eero, kwa sababu alikuwa na uhakika, na miaka ishirini ya kuwa sahihi humfanya mtu asahau kuogopa.

Novemba mwaka huo huo fundi alipasua ukuta wa bafu la ghorofa ya kwanza, na mabomba ya maji taka yakamegeka mkononi mwake. Ikaonekana kwamba, mkutano ukipitisha, jengo zima litabomolewa kuta, kila mwenye nyumba atalipa sehemu yake, na sehemu ya marehemu ilikuwa euro elfu kumi na tisa, kwa nyumba aliyoinunua elfu arobaini na nane, na wakati wa kazi hapatakuwa na mpangaji wala kodi. Benki ilimweleza kwa upole kwamba haiwezi kumwongezea mkopo juu ya rehani iliyopo, na kwamba akishindwa, kitakachoguswa si Mäntypirtti peke yake, ni Särkiniemi pia, na hivyo mwanamke wa miaka hamsini na minane, aliyekula kiapo cha kutolala tena katika chumba cha nyuma cha watu, akajikuta anaweza kukosa mlango wake mwenyewe kwa ajili ya maneno matano aliyoyasikia kwenye simu.

Mwanasheria mmoja alimwambia anaweza kudai fidia, lakini marehemu alipofikiri ataeleza nini mahakamani, kwamba mtu alimjibu "yaweza kuwa", na hakimu naye ni mzaliwa wa Siilinjärvi, Msavo vilevile, aliona aibu, akaacha. Mzee Tirkkonen, kwa kutaka kumsaidia, tunaamini hivyo, alimshauri auze upesi kabla ya mkutano mkuu wa Aprili, kwa kuwa hadi uamuzi upigiwe kura karatasi itaendelea kusema hakuna kilichoamuliwa. Akatangaza. Mnamo Februari 2005 akaja msichana mmoja, Noora, mfanyakazi wa duka la mikate, na mtoto mchanga kifuani, ana akiba ya marehemu bibi yake, anataka anunue, ampangishe mtu miaka michache, kisha iwe ya mtoto, na alipenda kila kitu, alipenda hata mlio wa lifti. Marjut alikuwepo, ndiye shahidi wetu. Noora akauliza swali lile lile, je, mabomba ni ya kubadilishwa, na marehemu akageuza uso kuelekea dirishani, Marjut akajua kinachokuja, maana amelelewa na mama huyo.

Kisha mama akageuka, akamtazama msichana yule usoni, akasema, "Yameoza, binti yangu. Usinunue. Na kokote utakakokwenda, shuka chini kwanza."

Noora alinunua kwingine, na marehemu akabaki na nyumba ambayo hakuna mtu ambaye angeweza kumuuzia bila kumdanganya. Katika mkutano wa tarehe 20 Aprili 2005, kwenye ukumbi wa kulia chakula wa shule, wazee wa jengo walitaka mabomba yafungwe viraka ili gharama isogezwe mbele, na yeye, ambaye viraka vingemwokoa, alisimama na mkongojo wake akawaambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na kwamba hapa ufa ulishazibwa mara tatu, amehesabu viraka kwa tochi, kwa sababu baada ya ukuta ule kupasuliwa alishuka hatimaye, amechelewa mwaka mmoja. Alipiga kura ya kubadilisha yote, dhidi ya mfuko wake, wengine wakamfuata, ikapita kwa tofauti ya kura nne, wakamchagua kuingia kwenye bodi, pale pale kando ya mzee Tirkkonen, na kwa mwaka mzima wawili hao walikaa meza moja wakizungumza habari za valvu.

Ili kulipa bila kuwahamisha wapangaji wa nyumba mbili za kwanza, alimaliza akiba zote, akauza mashua ya Eero, akalia siku hiyo na siku iliyofuata, akaipangisha nyumba yake mwenyewe ya Särkiniemi pamoja na samani zake kwa mhandisi mmoja, na tarehe 1 Oktoba 2005 akahamia kwa mwanawe Marjut, kwenye kochi la sebuleni, yaani kwa mkwewe. Nyote mnajua heshima ya mama mkwe, na mnajua pia kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, lakini huyu hakungoja kupewa, siku ya pili alikuwa ameshafungua bomba la jikoni lililodondosha matone kwa miaka sita, akamuuliza mwenye nyumba, yaani mimi, kama alikuwa anafuga chemchemi. Alikaa miezi kumi na mmoja. Tuligombana juu ya sauna, juu ya jinsi ya kukunja mataulo na juu ya siasa, na usiku mmoja tu katika siku hizo zote nilimkuta ameketi gizani jikoni, nikamuuliza kama anaogopa, akasema ndiyo, bila kuzunguka, ndipo nilipojua kwamba mtu huyu amebadilika. Tangu siku ile ya Noora hakusema tena "yaweza kuwa", si kwa mpangaji, si kwa benki, wala kwa wajukuu, na kwa Kuopio nzima hilo lilikuwa usumbufu mkubwa.

Alilipa sehemu yake yote, awamu ya mwisho tarehe 21 Agosti 2006, na tarehe 1 Septemba alirudi Särkiniemi, akafungua mlango kwa ufunguo wake, akapiga chafya kwa makusudi. Nyumba ya Mäntypirtti, yenye mabomba mapya kuliko yote mtaani, ikawa ndiyo iliyopangishika kwa urahisi zaidi, na kwa kodi zake aliwasaidia wajukuu wawili kusoma, kwa hiyo yeyote anayedhani kwamba hii ni hadithi ya hasara aulize hao wajukuu. Rehani iliondolewa mwaka 2013. Watu waliendelea kuja kwake kuuliza, ninunue au nisinunue, niuze sasa au ningoje, na alijibu ndiyo au hapana, wengine wakanuna, ila waliorudi kushukuru ni wengi kuliko walionuna.

Tarehe 6 Julai mwaka huu, 2021, baada ya kukonda tangu masika, marehemu aligunduliwa kuwa na saratani ya kongosho. Alimwomba daktari jibu la moja kwa moja, akalipata, akalipokea, akauliza tu kama anaweza kuwa nyumbani kwake, na kuanzia tarehe 10 Septemba aliuguzwa Särkiniemi, katika chumba kinachotazama ziwa, wanawe wakipokezana. Huko ndiko alikoipanga shughuli hii yote, hata aina ya mkate. Mimi aliniambia kwamba mwaka 1996 alimshauri Marjut asiolewe na mtu wa Lapua, kwamba alikosea, na kwamba ananipenda, akaniamuru nikatazame joto la redieta ya chumba kabla sijapata la kujibu.

Tarehe 17 Oktoba alikuja mzee Taavi Tirkkonen, miaka themanini na mmoja, na viatu vya ndani kwenye mfuko. Aliketi kando ya kitanda, akazungumza kwanza juu ya barafu, kisha juu ya samaki, kisha juu ya bei ya kuni, kama ilivyo desturi, nusu saa nzima, na mimi nilikuwa jikoni nikimimina kahawa, mlango wazi. Halafu akasema, "Raili, nilijua. Siku ile ya simu, mabomba nilijua. Aune alikuwa hana pa kwenda, pesa ile ndiyo ilimweka kwenye nyumba ya wazee."

Marehemu akamgeukia, akamtazama usoni.

"Najua ulijua, Taavi," akasema. "Na mimi siku ya Noora neno lako lilishafika mdomoni. Bado kidogo tu nilitoe. Ndiyo maana sijawahi kukuchukia. Sogeza kiti, kahawa inapoa."

Marehemu Raili alifariki tarehe 2 Novemba 2021, saa nne asubuhi, katika kitanda chake, ndani ya nyumba yake isiyo na deni la mtu, akiwa na umri wa miaka sabini na mitano, Marjut na Jouni wakimshika mikono. Ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, na nyumba tatu za chumba kimoja ambazo chini yake ni pakavu.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa huduma ya nyumbani, waliomjibu alichouliza bila kukizunguka, inawashukuru majirani wa Särkiniemi kwa supu na kwa kufagia theluji mlangoni bila kuombwa, inawashukuru wenzake wa idara ya maji waliokuja na tochi yake ya zamani, ambayo imekwenda naye, na inamshukuru mzee Taavi Tirkkonen, ambaye leo ameshika kamba ya pili ya kushushia jeneza. Tulimwendea juzi kumuuliza kama sehemu yake katika historia hii isomwe mbele za watu au iachwe, na mzee alinitazama usoni, hakutazama dirisha lolote, akasema, "Isomwe."

Mama Raili, pumzika sasa, kwa amani uliyoilipia mwenyewe.